Robo Kilo ya Mchele na Punje Nane Nyekundu

Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya waelimisha rika, wauguzi wa utafiti na wajumbe wa kamati za ushauri za jamii kutoka Moshi na Arusha. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokuwa zamu, safarini, au waliokuwa wametoka kazini alfajiri wakashindwa kuamka.

Mheshimiwa mwenyekiti, wauguzi, waelimisha rika, wajumbe wa kamati. Dada zangu mliopanda Coaster kutoka Unga Limited na Mianzini bila kulala, hongereni kwa kufika. Shikamooni wakubwa. Walio sawa nami, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ndefu kidogo: dada anayefanya biashara ya ngono huipimaje hatari ya VVU siku anapoamua kuingia kwenye jaribio la kinga, yaani utafiti wa kupima kama dawa au chanjo inazuia VVU? Niruhusuni nianze na swali lililomo karibu katika kila dodoso. Linaulizwa hivi: "Kwa wiki nne zijazo, unadhani uwezekano wako wa kupata VVU ukoje? Haupo, mdogo, wa kati, au mkubwa?" Dada anaangalia dari. Anasema, "Mdogo." Muuguzi anaweka tiki, anafunua ukurasa. Nusu dakika imeisha.

Sasa niwaulize. Ndani ya ile nusu dakika, kichwani mwake kulipita nini?

Kuna jaribio liliitwa FEM-PrEP. Lilifanyika Bondo, kule Kenya kando ya Ziwa Victoria, Afrika Kusini katika miji ya Bloemfontein na Pretoria, na hapa kwetu Arusha. Waliingia wanawake 2,120 wasio na VVU. Wengi hawakuwa wa biashara hii, ila wote walichaguliwa kwa kuwa wanaishi penye maambukizi mengi. Nusu walipewa kidonge cha kinga cha kumeza kila siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, yaani plasibo. Walipoulizwa lile swali, takriban asilimia 70 walisema hatari yao ni ndogo au haipo kabisa. Aprili 2011 jaribio likasimamishwa. Kwenye kundi la dawa walikuwa wameambukizwa 33, kwenye kundi la plasibo 35. Ukiyapanga kwa mwaka, ni karibu wanawake 5 kwa kila 100. Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 walionekana wamemeza dawa siku za karibuni.

Asilimia 70 wanasema hatari ni ndogo, na watano kati ya mia wanaambukizwa kila mwaka. Walidanganya? Ni wajinga? Hapana na hapana. Walijibu swali lao. Sisi tuliuliza jingine.

Tuingie ndani ya hesabu yake. Mchukueni dada yeyote wa kufikirika, anafanya kazi baa moja hapa Moshi, kati ya Majengo na stendi. Usiku unaanza saa tatu. Hatari ya kwanza ni mteja atakayekula kazi asilipe. Ya pili ni kipigo. Ya tatu ni defenda ya polisi, kwa sababu sheria haiko upande wake na yeye anajua, na askari anajua kwamba anajua. Ya nne ni mhudumu wa gesti anayetaka chake. Ya tano ni kodi, mwenye nyumba keshagonga mara mbili. Ya sita ni mimba. VVU iko wapi kwenye foleni hiyo? Nyuma kabisa, imesimama kimya. VVU haigongi mlango saa tisa usiku. Haidai kodi. Haina kelele.

Na tena, ndugu zangu, dada huyu kinga anayo. Anavaa kondomu na wateja. Anazo tatu kwenye pochi na mbili kaziacha kwa mhudumu wa gesti. Ukimwuliza hatari yake, anapitisha macho kwenye wateja wa wiki, anaona amejilinda, anasema "mdogo". Kwa wateja, yuko sahihi! Muuguzi anayemkunjia uso ndiye hajui hesabu.

Twende kwenye hesabu. Ninao hapa mchele robo kilo kwenye sinia. Robo kilo ina punje karibu 10,000, inategemea mchele wenyewe. Punje nane nimezipaka rangi ya kucha nyekundu. Kwa nini nane? Kwa sababu makadirio yanayotumika sana ni kwamba mwanamke akilala mara moja bila kondomu, kwa njia ya kawaida, na mwanamume mwenye VVU asiyetumia dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni karibu 8 kwa 10,000.

Hapa ndipo waelimishaji wengi tunapoharibu. Tunasema, "Dada, chota punje moja." Anachota, nyeupe. Anayefuata, nyeupe. Darasa zima nyeupe tupu. Wanaondoka wamejifunza kitu kimoja, kwamba ngoma haipatikani kirahisi. Na tumewafundisha sisi!

Usichotishe punje moja. Chotisha nusu kijiko cha chai. Nusu kijiko kina punje karibu 100. Zihesabu nyumbani mara moja kabla ya darasa, maana vijiko havifanani. Punje 100 ni usiku mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja. Kila dada achote nusu kijiko, amwage kwenye karatasi, atafute nyekundu, arudishe mchele wote, uchanganywe vizuri, achote mwingine. Wakichota 13, kwa wastani mmoja atakuta nyekundu. Siku nyingine watakuta wawili, siku nyingine hakuna atakayekuta, na siku hiyo wape raundi ya pili, maana huo ni mwaka wa pili. Kimya kinachoingia chumbani pale nyekundu inapotokea kwenye karatasi ya mtu, hakuna bango linaloweza kukileta. (Na mchele huo usipikwe. Rangi ya kucha si kiungo.)

Sasa tumuweke dada wetu kwenye sinia. Ana wateja 20 kwa wiki, wiki 50, jumla mara 1,000. Tuseme wateja 5 kwa kila 100 wana VVU na hawatumii dawa. Namba hiyo nimeipandisha makusudi: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliwakuta na VVU watu wazima asilimia 4.4, wanaume wakiwa chini ya hapo, na wengi wao wako kwenye dawa. Basi mara 50 kati ya zile 1,000 ni za hatari. Akienda kavu zote, katika wanawake 100 kama yeye wataambukizwa karibu 4 kwa mwaka. Akivaa kondomu kila mara, hatari inashuka kwa takriban asilimia 80, hata ukihesabu zinazopasuka. Hafiki hata mmoja kati ya 100.

Halafu kuna bwana. Yule wa nyumbani. Kwa bwana hakuna kondomu. Ikiwa bwana ana VVU na hajui, mara mbili kwa wiki, mara 100 kwa mwaka, ni karibu 8 kwa kila wanawake 100. Mmesikia vizuri? Mwanamume mmoja asiyevalishwa anaweza kuwa hatari mara kumi kuliko wanaume elfu waliovalishwa. Ikiwa. Silaumu mabwana wote wa Pasua na Njoro. Bwana ambaye hana virusi, au anavyo lakini yuko kwenye dawa na virusi havionekani kwenye kipimo, kwake sinia halina punje nyekundu hata moja. Lakini bwana aliyeambukizwa wiki chache zilizopita, ambaye kipimo cha haraka bado hakijamkamata, virusi vimejaa kwenye damu yake: huyo muongezee nyekundu. Akiwa na kidonda sehemu za siri, au dada mwenyewe anacho, ongeza tena.

Kwa nini asimvalishe bwana? Kwa sababu kondomu imekuwa sare ya kazi. Kuivaa chumbani ni kumwambia bwana, "Na wewe ni mteja." Bwana ndiye anayekwenda kumtoa kituoni. Bwana ndiye mtoto anamwita baba. Kwenye mizani yake, kumpoteza bwana ni hatari ya kesho asubuhi. VVU ni hatari ya miaka.

Lakini kuna mwanamume wa tatu, na huyu ndiye anayetupotea kwenye karatasi. Mfikirieni mwanaapolo, mchimba tanzanite wa Mererani. Kaja Arusha mara ya kwanza, ni mteja, kavaa. Mara ya pili kavaa. Mara ya tatu kaacha begi lake kwa dada. Mara ya nne jiwe limetoka, kanunua godoro, na usiku ule hakuna aliyetaja kondomu. Sasa huyu ni nani? Kwenye safu ya "wateja" dada hamhesabu tena, maana hamlipishi kwa shoti. Kwenye safu ya "mwenza" hamweki, maana mwenza ni baba wa mtoto. Dodoso lina safu mbili, mwanamume kaanguka katikati, na kaanguka bila kondomu.

Dawa yake ni kuacha kuuliza kwa safu. Uliza kwa watu. "Dada, wakumbuke wanaume watatu wa mwisho uliolala nao. Usinipe majina, wape alama unayoijua wewe: wa godoro, wa bodaboda, mgumu, yule mpagazi wa mlimani." Halafu kwa kila mmoja maswali matatu. Mara ya mwisho mlivaa? Mara ya kwanza kabisa mlivaa? Kama mliacha, mliacha lini? Inachukua dakika nne badala ya nusu. Ukimaliza, rudia lile swali la uwezekano. Akibadilisha jibu, andika yote mawili na saa. Akishikilia la kwanza, usimbishie. Andika alivyosema.

Nimegusa bwana. Sasa niguse damu.

Mmewahi kusikia mtu akisema, "Mimi damu yangu ngumu"? Naona mnacheka. Mmesikia. Ametembea miaka kumi na miwili, kapima mara ishirini, hana. Wenzake wawili aliokuwa akikaa nao chumba kimoja wameshazikwa. Atajionaje? Kila kipimo cha "hana" anakiweka ndani kama cheti. Na sisi watafiti tunampima kila mwezi, maana yake tunamgawia vyeti 12 kwa mwaka.

Msimkatize kwa kumwambia hakuna kitu kama hicho, kwa sababu kipo. Nairobi, mtaa wa Pumwani na Majengo yake, wanawake wa biashara hii wamefuatiliwa na watafiti tangu katikati ya miaka ya 1980. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa wametoka kwetu, mkoa wa Kagera. Wengi waliambukizwa, lakini wachache walikaa miaka na miaka wakikutana na virusi bila kuambukizwa. Dunia nzima ikakimbilia Majengo kutafuta siri ya damu ile, ikitumaini kupata chanjo.

Kisha ikaja habari ambayo haikutangazwa kwa shangwe hiyo. Baadhi ya wanawake waleale wenye damu ngumu wakaambukizwa. Watafiti walipoangalia nini kilibadilika, mwaka 2001 wakaandika kwamba walioambukizwa walikuwa wamepunguza kazi au wamepumzika kwa muda. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ulinzi ule wa mwili ulikuwa ukiamshwa na kukutana na virusi mara kwa mara, ulipoachwa ukalala. Msije mkatoka hapa mkasema nimewaambia msipumzike! Ninachosema ni kwamba hata ile damu ngumu ya kweli, iliyopimwa na kuandikwa, haikuwa ya kudumu. Na dada hana njia ya kujua kama anayo au amebahatika kuchota nyeupe mara ishirini.

Hapa Moshi jambo hili la kupumzika lina msimu. Desemba. Wachaga wanapanda nyumbani, barabara ya Marangu haipitiki, baa zinafungwa alfajiri, mbege inachemshwa, pesa zinatembea. Dada wa Arusha anashuka Moshi wiki mbili, dada wa Moshi anapanda kwao Rombo au Same kutulia na mtoto. Yupi yuko hatarini zaidi? Dodoso litasema aliyeko kazini. Lakini aliyekwenda kutulia amekutana na baba wa mtoto, aliyetoka Dar au machimboni, naye kapumzika na kondomu zake. Januari anarudi kliniki, anaulizwa, "Wateja wangapi tangu hudhurio lililopita?" Anajibu, "Sifuri, nilitulia." Tunaandika hatari ndogo. Kwa hiyo ratiba inayopanga hudhurio tarehe 22 Desemba na kurudia Februari imejichimbia shimo. Pangeni moja kabla ya tarehe 10, na jingine wiki ya tatu ya Januari, na swali liwe, "Ulipotulia, ulitulia na nani?"

Tuje kwenye jaribio lenyewe. Dada akishaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, hatari anayoihisi inapanda au inashuka?

Inashuka. Inashuka siku ileile. Amepimwa damu, amepimwa figo, homa ya ini B, mimba. Amepewa kadi yenye namba, namba ya simu ya muuguzi anayepokea usiku. Kuna daktari anamwita "dada yangu". Ni nani mara ya mwisho alimpima hivi? Anajiona ameingia chini ya mwavuli. Kumbe kilichoandikwa kwenye fomu ukurasa wa tatu ni kwamba mwavuli huenda una tundu, au huenda ni fimbo tupu.

Fomu inasema atapangiwa kundi la dawa au la plasibo kwa "bahati nasibu", na neno hilo wengi wanalisikia kama bahati. Msilielezee kwa mdomo. Chukueni vizibo vya soda 20, kumi vyekundu, kumi vya rangi nyingine, mfuko usioonyesha ndani. Achote. Mwambie, "Chekundu ni dawa, hicho kingine ni kidonge kisicho na dawa. Sasa nakifunika kabla hujaona, na mimi sioni. Utaishi hivi miezi kumi na minane." Kisha mwulize, "Leo usiku, umekingwa?" Jibu analopaswa kutoa kwa maneno yake mwenyewe ni "sijui". Akisema "ndiyo", hajaelewa. Akisema "hapana", hajaelewa pia. Msimsainishe mpaka aseme sijui.

Na bado atabahatisha. Akipata kichefuchefu wiki ya kwanza atasema, "Mimi nina yenyewe." Asipopata atasema ni unga. Wote wawili wataanza kuishi kwa walichobahatisha. Kuna jaribio la VOICE, lililofanyika Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini kwa wanawake 5,029, matokeo yakatolewa 2013. Ukihesabu vidonge vilivyorudishwa na ukiwauliza wenyewe, utumiaji ulionekana karibu asilimia 90. Damu ikasema dawa imo kwa chini ya theluthi. Vidonge vilikwenda wapi? Baadhi ya wanawake walieleza baadaye: kidonge kinafanana na dawa za kufubaza virusi, kopo linalia mfukoni, mama mkwe akikiona anajua tayari binti ni mgonjwa. Wengine waliona hawana haja ya kumeza dawa wakiwa wazima. Kila mwezi walikuja kliniki, wakachukua makopo, wakajibu vizuri. Hawakutaka kumuudhi muuguzi, na hawakutaka kutolewa.

Mjue pia kwamba kwa mwanamke kidonge hiki hakina huruma. Ili kilinde ukeni inabidi vimezwe karibu 6 au vyote 7 kwa wiki, na ulinzi huchukua siku 7 kukaa sawa. Anayemeza Jumatatu na Ijumaa tu amebeba kopo.

Lakini tusiishie kuona kinga imepungua. Kuna siku dawa yenyewe iliongeza hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa biashara hii wapatao 900 huko Benin, Cote d'Ivoire, Afrika Kusini na Thailand walijaribu jeli yenye nonoksinoli-9. Kemikali hiyo ilikuwa imeuzwa miaka mingi kuua mbegu za kiume, na kwenye chupa za maabara iliua na virusi. Matokeo yalisomwa Durban mwaka 2000. Waliotumia zaidi ya mara tatu na nusu kwa siku kwa wastani, hatari yao ya VVU ilikuwa karibu mara mbili ya wenzao wa plasibo. Jeli ilikuwa inakwangua ngozi laini ya ndani. Aliyefuata maelekezo kwa bidii na kufanya kazi sana ndiye aliyeumia zaidi. Mkikaa kwenye kamati ya ushauri, ulizeni hivi: bidhaa hii imejaribiwa kwa mtu anayeitumia mara ngapi kwa siku? Mara moja? Dada zetu ni mara nne.

Na wanawake wenyewe hawajalala kwenye hili. Kambodia, mwaka 2004, walitafutwa wanawake 960 wa biashara ya ngono kwa jaribio la kidonge cha kinga kiitwacho tenofovir. Umoja wao ukauliza: dawa ikituharibu figo baada ya miaka, nani atatutibu? Wakataka bima ya muda mrefu. Hawakuelewana, na Agosti mwaka ule waziri mkuu akalisimamisha kabla hata mshiriki mmoja hajaingia. Februari 2005 Kameruni nayo ikasimamisha jaribio la kidonge hichohicho Douala. Watu wengi waliandika kwamba wale wanawake hawakuelewa sayansi. Mimi naona walielewa hesabu kuliko sisi. Walipima hatari ya kuachwa.

Hatari za namna hiyo hapa kwetu ni zipi? Simu ya kliniki inayopokelewa na bwana saa mbili usiku: "Hudhurio lako la utafiti ni kesho." Gari lenye nembo linalosimama mlangoni. Kadi ya rangi inayojulikana mtaa mzima ni ya nini. Na kwa majaribio ya chanjo kuna jingine ambalo lazima lielezwe mara tatu: chanjo inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na kipimo cha haraka cha kawaida kikazikamata kikasema "ana VVU", wakati hana. Dada akienda kujifungua kituo kingine akapimwa pale, itakuwaje? Apewe barua na namba ya kupiga, na aambiwe asipimwe nje bila kuwasiliana na kliniki. Hapa nchini jaribio la PrEPVacc lilifanyika Mbeya na Dar es Salaam, likahusisha pia Uganda na Afrika Kusini, na Novemba 2023 uchanjaji ukasimamishwa kwa kuwa chanjo hazikuelekea kukinga. Jaribio likifungwa, swali la kipimo linabaki na mshiriki.

Damu inayotolewa kliniki sigusi sana, mnajua maneno ya mumiani yalianza zamani kuliko utafiti. Chupa mbili za mililita 5 ni vijiko viwili vya chai. Benki ya damu inachukua mililita 450 kwa mara moja. Onyesheni kijiko, basi. Mtu akikataa baada ya hapo, amekataa.

Nimeulizwa kabla sijapanda hapa: kama sindano ya kinga ya lenacapavir imeshafanya kazi, tuna haja gani ya kujadili plasibo? Ni swali zuri. Katika jaribio la PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, wanawake 2,134 walichomwa sindano hiyo kila miezi sita, na matokeo ya 2024 yakaonyesha hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Jaribio lile halikumwacha mtu na kidonge kitupu peke yake. Waliolinganishwa nao walikuwa kwenye vidonge vya kinga vinavyojulikana. Kwa hiyo akija mtu leo kwenye kamati yenu na jaribio ambalo kundi moja halipewi kinga yoyote inayofanya kazi, mwambieni aeleze kwa maandishi ni kwa nini, kabla hamjanywa chai yake. Na sindano ya tumboni, mara mbili kwa mwaka, hailii mfukoni. Lakini angalieni: itamfanya dada ajione salama miezi sita mfululizo, na kaswende na kisonono haviijui sindano hiyo. Wala mimba.

Jambo la mwisho ni dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa Moshi, walipimwa wanawake zaidi ya 1,000 wafanyakazi wa baa na hoteli. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na VVU. Siku yenu ya kwanza ya usajili mtakutana na hao: dada amekuja kuingia kwenye jaribio la kinga na kipimo kinasema ameshachelewa. Alikuja akiamini hatari ni ndogo. Pangeni mtu wa kumsindikiza mpaka CTC, kliniki ya tiba ya VVU, siku hiyohiyo, kwa miguu yake, nauli ikiwa ileile ambayo angepewa kama angefaa. Asitoke kwa mlango tofauti na wenzake, na asitoke mapema kuliko wenzake. Walio kwenye benchi nje wanahesabu dakika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Masinia matano yako mezani, kila moja lina robo kilo na nyekundu nane, nimezihesabu jana usiku mara mbili. Kaeni 13 kwa 13, Moshi mchanganyike na Arusha, mwelimisha rika ndiye ashike kijiko, muuguzi ashike karatasi. Nyekundu ikitoka, msipige makofi. Rudisheni, changanyeni, mwingine achote.